Rangi ya Kucha Kwenye Cheni

Evelio wangu husahau kama amekunywa kahawa, husahau hata jina la binti yetu, lakini kuendesha baiskeli hajasahau. Kila asubuhi alikuwa akiitoa sebuleni, maana hapa mjini kwetu Cárdenas baiskeli hulala ndani kama mtu wa nyumbani, na kwenda kazini kwenye kiwanda cha kamba. Kiwanda kilifungwa miaka kumi na miwili iliyopita. Siku moja dereva wa lori alimrudisha goti limechunika, akanigombeza mimi: "Mama, siku nyingine utaletewa maiti!"

Iliniuma, kwa sababu alisema kweli. Nikaamua kuitoa cheni.

Mchana, alipojilaza, niliipindua baiskeli miguu juu, nikatafuta kile kiungo chenye kibanio ambacho cheni hufungukia. Nilizungusha pedali mpaka mikono ikawa myeusi. Hakuna. Nilikuwa nimesahau kwamba vitu vilipoadimika Evelio aliiunga kwa pini aliyoichonga kutoka kwenye msumari. Nikachukua nyundo.

"Utajikata vidole, dada."

Evelio alikuwa amesimama nyuma yangu na fulana yake iliyotoboka. Dada! Miaka arobaini na moja ya ndoa.

"Basi nisaidie, fundi," nikasema.

"Fundi umempata. Ila wewe nawe, nyundo umeishika kama mwiko!" Akachuchumaa huku akicheka. "Tazama hapa. Kiungo changu nakitia alama ya rangi ya kucha. Ya mke wangu, namwibia. Akijua ataniua."

"Kwani hajui?"

"Thubutu! Anadhani inakauka yenyewe chupani."

Nilijua miaka yote. Ndiyo maana sikununua rangi nyingine ila nyekundu, aione vizuri kwenye grisi.

Aliweka kiungo juu ya nati, akasimamisha msumari, akagonga mara tatu. Pini ikatoka, cheni ikamwangukia mapajani. Aliifunga kwenye gazeti, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mwambie mwenyewe airudishe upesi," akasema. "Bila cheni atafikaje kazini, maskini?"

Niliizika chini ya mchele, kwenye debe.

Asubuhi alipiga ukelele nikadhani ameanguka. Nilimkuta amepiga magoti kando ya baiskeli, analia kama mtoto. "Odalys! Odalys, mke wangu, tumeibiwa!" Ilikuwa miezi sita hajaniita jina langu.

Tangu siku hiyo haendi popote. Amesogeza kiti cha bembea mlangoni, nyundo mapajani, anamvizia mwizi. Hasinzii hata mchana, na amekonda mpaka naogopa kumtazama. Mara mbili nimelifungua debe la mchele, nikamkumbuka yule dereva, nikalifunga.

Nikimpelekea kahawa ananishika mkono.

"Rudi ndani, Odalys," ananiambia. "Aliyetufanyia hivi hayuko mbali."

"Sawa, mume wangu," namjibu, na narudi jikoni.