Mwanajeshi wa Pili

Kinyozi yule watu walimwita Kanali, ingawa hakuwahi kushika hata bunduki ya maji. Mwanajeshi alikuwa baba yake, aliyekwenda vitani asirudi, na huwezi kukaa kwenye kiti chake cha kunyolea usihadithiwe habari hizo tangu mwanzo. Kanali mwenyewe hakuwahi kumwona. Alikuwa kitinda mimba, na yote aliyojua aliyaokota kwa kaka zake.

Basi asubuhi moja binti wa kaka yake akaja na kompyuta yenye programu ya kupanga ukoo. Unaandika jina la mtu na mwaka aliozaliwa, nayo inakwenda kupekua kumbukumbu za zamani, hata za jeshi. Kanali alifunga saluni siku hiyo, wenye nywele wakome. Dada yake mkubwa, ambaye aliishi naye, alikaa pembeni akichambua mchele.

"Baba mdogo, tumempata," binti akasema.

Kwenye skrini palikuwa na jina la baba yake, namba yake ya jeshi, na cheo: koplo. Koplo! Miaka yote hiyo wateja wameambiwa sajini. Alicheka mpaka miwani ikamteleza. Sasa akataka kujua kila kitu: alikuwa kikosi gani, alipewa nishani, alifia wapi. Binti akabofya, tarehe ya kifo ikaingia, na papo hapo kisanduku chenye jina la Kanali kikageuka chekundu.

"Inasemaje?"

"Inasema mtoto huyu amezaliwa miaka miwili baada ya baba yake kufa. Inauliza kama tumwondoe." Binti akasonya. "Jeshi limekosea tarehe tu hapo."

Kanali aliogopa, na nani asingeogopa? Mtu mzima na mvi zako, mashine inakuambia hapa si kwenu. Akamgeukia dada yake. Dada alikuwa ameacha kuchambua mchele.

"Jeshi halijakosea," dada akasema. "Habari za msiba tuliletewa na mwenzake wa kikosini. Alikuja amechoka hoi. Mama akamwambia aingie apumzike kidogo. Akapumzika mpaka wewe ukazaliwa."

"Halafu?"

"Halafu jeshi likamwita tena, naye hakurudi."

"Kwa hiyo nyote mlijua."

"Wote."

"Na hamkuniambia, hata siku tulizogombana?"

"Mama alikupakata akatuita, akasema, huyu ni mdogo wenu. Tukaona inatosha."

Kanali alivua miwani akalia, wala hakujificha. Binti wa watu alikuwa bado ameshika kipanya, hajui abofye wapi.

"Usimwondoe mtu hapo," Kanali akamwambia. "Huyo koplo mwache alipo, ndiye aliyenipa jina. Ila ongeza mwanajeshi wa pili."

Kisha akavuta kiti, akaliondoa sinia la mchele mapajani mwa dada yake, akakaa naye goti kwa goti.

"Haya, niambie. Alikuwaje?"

"Mfupi," dada akasema. "Na kila asubuhi alikuwa hanywi chai mpaka akubebe kwanza."