Nilimpita Baba Mkwe Dirishani

Nawaandikia ninyi akina mama vijana wa hapa Mlandege, Iringa, na hasa wewe Paskalina, maana jana nilimwona mwanao wa mwaka mmoja na nusu ana karanga mkononi, nawe unacheka. Usicheke. Sikia yaliyonipata mimi kule Mbeya mwaka 1954.

Mume wangu Yotamu alikuwa yatima, akalelewa na wamisionari wawili wazee, Bwana Edmund na mkewe Mama Lea. Walitoka Ulaya wakiwa vijana, wakazeekea pale misheni, mlimani juu ya mji. Watoto wao wa kuzaa walirudi huko kwao, wanaleta barua tu. Yotamu aliponiposa, ng'ombe wa mahari alitoa Bwana Edmund. Basi kwetu Wanyakyusa maneno yamekwisha. Aliyetoa ng'ombe ndiye baba mkwe, na mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, wala hakai naye chumba kimoja. Akimwona njiani anaingia kwenye migomba.

Tabu ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa mpishi wao.

Wale wazee hawakunilaumu. Bwana Edmund alifunga kengele ya baiskeli kwenye mkongojo wake. Akitaka kupita jikoni anailiza, krin krin, nami natoka mlango wa nyuma.

"Mzee, ipo siku utailiza hiyo kanisani," Mama Lea alimtania.

"Afadhali. Watu wataamka."

Ndivyo walivyoishi. Asubuhi walikunywa chai barazani wakigombania miwani, maana iliyokuwa nzima ni moja, mzee anataka kusoma barua, mama anataka kushona. Mchana mzee alipalilia kabichi, na mama akimpigia kelele kwamba anang'oa kabichi na kuacha magugu. Jioni waliimba nyimbo za kwao kwa sauti zilizochakaa, mimi nawasikiliza kutoka jikoni huku nasonga ugali. Nilikuwa na raha, sitasema uongo.

Siku hiyo Mama Lea alikwenda kwenye ibada ya akina mama, ng'ambo ya mto. Mimi nakaanga karanga, binti yangu Atuganile ameketi sakafuni. Kumbe chache zilidondoka. Nikageuka kuchukua kuni, na niliporudisha macho, mtoto kakodoa. Alikohoa mara moja, kisha pumzi ikawa inaingia kwa mluzi mwembamba.

Baba mkwe alikuwa katika chumba chake cha kuandikia, hata hatua kumi hazifiki. Nilimwona dirishani. Nami, jamani, nikajifunika khanga usoni, nikampita mbio na mtoto wangu kifuani, nakwenda kumtafuta Mama Lea! Nilipofika langoni nikatazama njia yote mpaka mtoni. Hakuna mtu. Nikarudi, nikapita tena lile dirisha, bado nimejifunika. Nikasimama jikoni namtikisa mtoto, namwita Mungu, na mwenye kujua la kufanya yuko nyuma ya ukuta.

Mluzi ukanyamaza.

Hapo sikujua tena mkwe ni kitu gani. Nilisukuma mlango kwa bega, khanga ikaanguka, nikamweka mtoto juu ya karatasi zake.

"Baba! Karanga!"

Hakuuliza. Alimlaza kifudifudi pajani, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja. Moja. Mbili. Tatu. Ya nne, nusu ya karanga ikarukia chini ya meza. Atuganile akavuta pumzi, akalia mpaka kuku wakatawanyika uani. Lia, mwanangu, nikasema, lia sana.

Nikaketi pale pale sakafuni. Mzee akampakata mtoto.

"Mwanangu, uliyepita hapo nje ni wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

Akampapasa mtoto mgongoni. "Nilikuona," akasema. "Zote mbili nilikuona. Nikainamisha kichwa ili nisikuaibishe."

Nikaitazama ile nusu ya karanga chini ya meza.

"Basi tumekosa sote," akasema.

Mama Lea aliporudi alisimama mlangoni, akaona mzee kampakata mtoto, mimi niko chini, kichwa wazi, sote chumba kimoja. Mkoba ukamtoka mkononi.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," mzee akasema. "Tupatie chai, mama. Vikombe vitatu."

"Vitatu?" Alitutazama mmoja mmoja. "Haya. Leo mpishi ni mimi."

Nilikunywa nikiwa nimegeukia ukuta, lakini nilikunywa.

Yotamu aliposikia jioni ile alilia. Ndugu zake walinung'unika kwamba nimevunja adabu, tukawapelekea kuku, wakala, wakanyamaza. Mwaka jana wazee walihamishiwa huku Iringa nasi tukaja nao. Sasa Jumapili nakula nao meza moja, na Atuganile yuko darasa la kwanza.

Lakini usiku nikiamka bado naenda kumsikiliza anavyopumua. Kwa hiyo, Paskalina, karanga za mtoto zisage. Na siku akikwama, usichague mlango. Ingia ulio karibu, hata kama ndani yupo mkwe wako.