Kuaga Duara la Mzee Ndaki

Mtu akitaka kuacha kazi kwa mwajiri anayemtukana, njia ni nyepesi: anajibu tusi, anabeba begi lake. Taabu ya Philomena ni kwamba Mzee Ndaki hakuwa akimtukana. Alimpenda kama mtu anavyopenda hirizi.

Philomena, ambaye wachimbaji walimwita Mama Limi kwa jina la binti yake, alikuwa mpishi wa kambi huko Rwamgasa, kwenye duara la Mzee Ndaki. Duara ni shimo la dhahabu, na hili lilikuwa limekaa bubu muda mrefu, linakula magogo na jasho la watu bila kurudisha kitu. Halafu siku moja wanaume walichelewa kuja kula, ugali ukapoa, na Philomena akawafuata mpaka kwenye winchi, mwiko mkononi. Kiroba cha mawe ndiyo kwanza kilikuwa kimefika juu. Akakichapa mwiko kwa hasira. "Mtakula mawe leo!"

Kiroba kile kiliposagwa kwenye karasha, kikatema dhahabu.

Hapo ndipo mashaka yalipoanza. Kila asubuhi kiroba cha kwanza hakikusogezwa mpaka Mama Limi aje akichape mwiko, hata kama mafuta yanaungua jikoni. Alipougua malaria walimbebea kiroba hadi mlangoni, akakichapa amelala. Watu wa machimbo wana imani zao. Ukizicheka, unacheka peke yako.

Sasa dada yake Juliana alikuwa amepata chumba cha kufungulia mgahawa Nyahanga, pale Kahama, jirani na gereji za malori. Mwenye nyumba alikubali kusubiri mpaka mwisho wa mwezi, si zaidi. Philomena alikuwa amepika kwenye majiko ya watu tangu usichana wake. Alitaka jiko ambalo akiamua leo ni wali, basi ni wali.

Akamwendea mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu," mzee akaitika, maana Wasukuma humwita mama hivyo. "Mwiko uko wapi?"

"Leo nimekuja kuaga. Mwezi ukiisha nakwenda Kahama, nikajitegemee."

Mzee Ndaki akacheka kama aliyesimuliwa visa vya sungura. "Mwamba huu ukiisha, utakwenda."

Mwamba nao haukuonyesha dalili ya kuisha. Alipoaga tena, mzee alimwongeza mshahara bila kuombwa. Akaukataa. Mzee akamnunulia godoro jipya. Philomena akaliacha nje, likanyeshewa usiku kucha, na hapo ndipo mzee alipokasirika kweli: akawaambia bodaboda wote wa Rwamgasa kwamba atakayempakia Mama Limi na mizigo yake asikanyage tena kwake.

"Wewe toroka tu," Charles, mvuta winchi, akamshauri. "Alfajiri unapita kwenye mihogo, unatokea barabarani."

"Halafu?"

"Halafu si umekwenda?"

"Halafu duara likikauka watasema nimeondoka na nyota yake. Wachimbaji wa hapa ndio hao hao wa Kahama, Charles. Nani atakula wali wa mwizi wa nyota?"

Charles akajikuna kichwa. Yeye mwenyewe asingekula.

Hicho ndicho kilichomfunga Philomena. Miguu ya kuondoka alikuwa nayo. Alichokosa ni neno la mzee, lisemwe mbele za watu, ili jina lake limtangulie Kahama likiwa safi.

Aliyemwonea njia ni Mwanaima, muuza vitenge, Mzaramo wa Kisarawe aliyefika machimboni kwa kumfuata mume akabaki kwa kuifuata biashara. Philomena alipomaliza kumweleza, Mwanaima alitua furushi lake chini.

"Huyo Ndaki si Msukuma?"

"Wa Shinyanga vijijini kabisa."

"Mtani wangu! Na wewe umekaa unalia? Hebu niachie mimi."

Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za mababu waliobeba mizigo kwenda pwani. Mtani hutukana asipigwe, na msibani anaweza kuzuia maziko mpaka wafiwa wamkomboe kwa chochote. Anayekasirikia utani ndiye anayeaibika.

Kesho yake, kabla kamba haijashushwa, Mwanaima alikuwa amekwishakalia kiti cha plastiki cha Mzee Ndaki, amevaa na kofia yake, na juu ya mdomo wa duara ametandaza kitenge kipya. Akaangua kilio.

"Uwiii! Mtani wangu Ndaki! Umeondoka hata kuoga hujaoga!"

Wachimbaji wakatoka mbio vibandani. Mzee Ndaki naye akatokea, mswaki mdomoni.

"Nani amekufa?"

"Wewe! Jamani njooni muone, maiti inauliza!"

"Mwanaima, toka kwenye kiti changu."

"Marehemu hana kiti. Na ninyi wafiwa, mbona macho makavu? Hamkumpenda?"

Charles ndiye aliyeanza. Akajishika kichwa, akalia "Baba weee!" Wenzake wakapokea, kambi nzima ikawa matanga. Mzee akajaribu kukunja uso, uso ukamgomea.

"Kwani amekufa na nini?" mtu akauliza.

"Ameuawa na kung'ang'ania. Msukuma akishika mkia wa ng'ombe, ng'ombe akiingia ziwani wanazama wote. Sasa kaburi lake hili nimelifunga. Kamba haishuki mpaka nikombolewe."

"Mpeni kuku," mzee akasema. "Wazaramo tunawajua kwa njaa."

"Kuku wako wamekonda kama wewe. Sitaki."

"Mbuzi, basi! Kamata mbuzi uondoke."

"Mbuzi nitamla ataisha. Mimi nataka neno. Muage Philomena hapa hapa, mbele ya watu hawa, aende kwake kwa heri."

Kicheko kikakatika. Philomena, aliyesimama nyuma ya watu, akajiinua kwa vidole vya miguu amwone mzee. Mzee Ndaki alikitazama kile kitenge. Angeweza kukiondoa kwa mkono mmoja. Lakini Msukuma anayempokonya mtani kitambaa chake kwa nguvu, habari zake zingefika Shinyanga kabla yake.

"Yaya," akakataa kwa Kisukuma. "Hilo hapana."

Akakaa juu ya rundo la mawe, mswaki bado mkononi.

"Ninyi mnacheka. Hamjui kukaa juu ya shimo bubu, kila jioni unawaambia watu kesho, kesho. Ilifika mahali nikikutana na vijana wangu nageuza uso. Huyu mama alipokuja..."

Philomena alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Maneno yake yote makali yalikuwa tayari, na sasa hayakuwa na pa kwenda. Akapenya katikati ya watu, akachuchumaa mbele ya mzee.

"Mzee, kiroba kile nilikichapa kikiwa kimekwishafika juu. Mawe yake aliyachimba kijana wako Maduhu huko chini. Charles akayavuta. Mimi nilikuwa na hasira ya ugali tu."

"Najua."

"Unajua?"

"Akili inajua, mayu. Hofu ndiyo haisikii."

"Basi niage na hofu yako hiyo hiyo. Mimi pia nakwenda na yangu. Nitapika sufuria zima la wali, na sijui kama kuna mtu atakuja kula."

Mzee alimtazama kama mtu ambaye hakuwahi kufikiri kwamba hirizi nayo inaogopa. Kisha akaagiza maji. Akapiga funda moja, akampulizia Philomena usoni na viganjani, kama wazee wa kwao wanavyombariki mtoto anayekwenda mbali.

"Sikieni," akasema kwa sauti ya kambi nzima. "Mama Limi hakuchukua kitu hapa. Duara likitema, limetema lenyewe. Likikauka, limekauka lenyewe. Atakayemtaja vibaya, hata huko Kahama, amenitaja mimi. Nenda, ng'wanawane, mwanangu. Jiko lako lisipoe."

"Maiti imefufuka!" Mwanaima akapiga kigelegele, akakunja kitenge chake. "Na mbuzi wangu yuko wapi?"

"Si umemkataa?"

"Nilisema ataisha. Sikusema simtaki."

Mzee mwenyewe ndiye aliyepaza sauti kumwita Sostenes wa bodaboda. Walipokuwa wakifunga mzigo, winchi ikaanza kulia, na kiroba cha kwanza kikafika juu. Charles akakiweka chini. Hakuna aliyekigusa. Mzee Ndaki akakiangalia kiroba, akaiangalia barabara, akakiangalia tena kiroba.

"Mama Limi! Bado upo?"

"Nipo, mzee."

"Ondoka basi, nisije nikageuza neno!"

Sostenes akapiga kiki. Philomena alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na vumbi likamjaa mdomoni, hakujali. Walipoishika njia ya Katoro, alipopaswa kupanda basi, akainama karibu na sikio la dereva.

"Sostenes, wewe Kahama unafikaga?"

"Kila mwezi, nafuata spea."

"Ukifika na njaa, unapenda kula nini?"

"Wali na samaki."

"Wa kukaanga au wa mchuzi?"

Sostenes akafikiri mpaka wakavuka daraja.