Malkia wa Ukutani

Mwiba ulikuwa mrefu kama sindano ya kushonea magunia, na Breki alikuwa ameuficha ndani ya soksi tangu asubuhi. Ulimchoma njia nzima ya kupanda mlima, naye akauvumilia bila kulalamika, kwa kuwa ndio uliokuwa tumaini lake la kurudi nyumbani akiwa mzima. Sasa, kileleni, nyuma ya kibanda cha mlinzi wa mnara wa simu, aliuchomoa, akatazama huku na huku kama mwizi wa mayai, kisha akaudidimiza kwenye gurudumu la mbele la baiskeli yake. Gurudumu likashusha pumzi ndefu. Breki naye akashusha yake.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alibandikwa na binamu zake likizo ya kwanza aliyokuja kukaa kwa mjomba wake, fundi wa baiskeli, kwa sababu alikuwa akikamata breki hata kwenye tambarare, hata akimwona kuku aliyesimama ng'ambo ya barabara akiwaza mambo yake. Tangu hapo alijifunza kuziba pancha, kunyoosha ringi na kukaza cheni kuliko watoto wa fundi mwenyewe, lakini jina halikubanduka. Lilimkera kama kokoto kiatuni.

Ndani ya karakana ya mjomba, juu kabisa ukutani, ilining'inia baiskeli nyekundu ya marehemu babu. Ilikuwa ikiitwa Malkia, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ukoo mzima ulisimulia jinsi babu alivyokuwa akiteremka mlima wa mnara bila kugusa breki, upepo ukimvua kofia, na jinsi alivyoziokota kofia hizo kila alipopanda tena. Likizo hii mjomba, kelele za vijana zilipomfika shingoni, alitoa tamko: "Atakayeteremka mlima ule kama babu yenu, bila kukanyaga chini mpaka mlangoni kwangu, Malkia ni wake." Breki za baiskeli hakuzitaja.

Breki alimtaka Malkia kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Kama angemshusha ukutani, nani angethubutu kumwita Breki tena? Lakini wahenga hawakukosea: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kwa hiyo alipanda mlima akiwa na tamaa moyoni na mwiba soksini, akaiachia siku iamue.

Alirudi mbele ya kibanda akiwa amevaa uso wa msiba. "Jamani, nimepata pancha."

Hakuna aliyemsikiliza. Binamu yake mkubwa, Meneja, msichana aliyepanga safari yote hadi mahali pa kunywea maji, alikuwa amechuchumaa akiitazama cheni iliyolala chini. "Imekatika," alisema. "Yenyewe tu."

"Na mimi breki zimekufa," alisema mdogo wake, Kimbunga, mvulana ambaye kwa maneno yake mwenyewe hakuumbwa na woga. "Yaani leo! Leo ningewaonyesha. Ningeshuka kama jiwe!"

"Hata mimi nilikuwa nimejiandaa," alisema Meneja.

"Mimi ndiyo usiseme," alisema Breki.

Wakatikisa vichwa kwa huzuni kubwa. Mlinzi wa mnara alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akiwatazama kwa zamu.

"Zote tatu?" aliuliza. "Kwa pamoja?"

"Bahati mbaya, mzee."

"Poleni sana. Mimi nafunga geti, mvua inakuja. Hapa halali mtu."

Akapanda baiskeli yake kuukuu isiyo na breki hata moja, akakandamiza kandambili kwenye gurudumu la nyuma, akateremka huku akipiga mluzi. Walimtazama mpaka akawa kitone.

Breki, kwa mazoea ya karakana, aliinama aiangalie ile cheni. Cheni inayokatika yenyewe hupinda. Hii ilikuwa imefunguliwa vizuri kwenye kiungo, na pini yake imewekwa juu ya jiwe bapa ili isipotee. Mfukoni mwa Meneja mlichungulia mikono ya koleo ambalo Breki alikuwa akilitafuta kwenye mkoba wa vifaa tangu walipofika. Kabla hajafumbua kinywa, Kimbunga akaketi kwa kishindo, na kutoka kwenye kaptula yake vikadondoka vipande vya mpira vya breki, kimoja kimoja, kama meno.

Breki alipapasa mfuko wake. Kiraka alikuwa nacho, gundi alikuwa nayo. Angeweza kuziba pancha yake, akawaacha hapo na aibu yao, na Malkia angekuwa wake bila mshindani. Aliliwaza jambo hilo kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyopendeza kusimulia. Kisha akauchomoa mwiba kwenye gurudumu na kuunyanyua.

"Huu nimetoka nao nyumbani," alisema. "Nimeubeba kwenye soksi."

Meneja aliitazama soksi, akaliona doa la damu, akaanza kucheka mpaka akashikilia nguzo ya geti. Kimbunga alicheka mwisho, macho yakiwa chini.

"Mimi naogopa ile kona ya mawe," alisema. "Tangu mdogo. Nikiiota, najikojolea."

"Mpaka leo?" aliuliza Meneja.

"Usiulize mambo mengi."

Breki alirudisha cheni, akapachika mipira ya breki, akaziba pancha. Mawingu yalikuwa yameshafika kwenye mnara. "Haya, nani anatangulia?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, binamu wote wawili walimgeukia yeye.

"Wewe," alisema Meneja. "Si ndiwe unayejua kushika breki?"

Wakateremka. Kama ni haki kukuita huko kuteremka, maana watoto wawili waliokuwa wakitembea kwa miguu waliwapita, na mmoja akarudi kuuliza kama wanahitaji msaada. Breki zililia mlima mzima, mipira ikisaga ringi. Mwanamke aliyekuwa akianua nguo alitoka mbio akidhani kuna mnyama anachinjwa. "Nyuma kwanza!" Breki alipaza sauti. "Mbele kidogo kidogo! Usifumbe macho!" Kimbunga aliivuka kona ya mawe akiwa ameyafumba yote mawili, lakini aliivuka. Na Breki aligundua, kwa mshangao, kwamba alikuwa akifurahi.

Kwenye mteremko wa mwisho mjomba alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake, na majirani walioitwa na kelele. Hakuna kati ya wale watatu aliyekuwa amekanyaga chini. Hapo Kimbunga, akiwa amelewa furaha ya kubaki hai, akaachia breki, akampita Breki akipiga ukelele, "Kama babuuu!" na kuingia moja kwa moja mtaroni. Lilionekana gurudumu tu, likizunguka.

"Usishuke!" sauti ilitoka kwenye tope. "Endelea, mlango huo hapo!"

Kupitia mlango ulio wazi, Breki aliuona wekundu wa Malkia. Akakamata breki, akakanyaga chini. Iliuma. Tusidanganyane, iliuma kuliko mwiba.

"Masharti ni masharti," alisema mjomba, walipomfikisha kijana wake akichuruzika tope.

"Ndiyo, mjomba."

Lakini jioni hiyo mjomba aliegemeza ngazi ukutani, akamshusha Malkia, akampa Breki kitambaa. "Vumbi limezidi. Msafishe, kisha arudi juu."

Breki alifuta kiti, akafuta usukani. Alipofika kwenye ringi, kidole chake kilizama kwenye mfereji. Akahisi upande wa pili: mfereji. Gurudumu la nyuma: mfereji, chuma kimelika mpaka kimekuwa chembamba kama ukucha. Alijua kinachokula ringi namna hiyo. Mjomba mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Mjomba alikuwa ameanza ghafla kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

"Mjomba."

"Naam."

"Babu alipokuwa akiteremka, mlikuwa mnamsikia?"

Mjomba aliitazama spana mkononi mwake. "Tangu mnarani," alisema hatimaye. "Mama yako akisikia ule mlio, anabandika maji ya chai. Chai inaiva, inapoa, mzee hajafika."

Nje Kimbunga aliita, "Breki! Njoo unitazamie ringi, imepinda!"

"Nakuja," aliitikia Breki, na akaendelea kufuta, polepole.