Cha Bure cha Mwalimu Nestor

Tangu asubuhi Hadidja hakukalia kiti. Alizunguka ofisi, akachungulia dirishani, akarudi kupanga karatasi zilizokwisha pangwa. Mkuu wa shule mzima, mama wa watu, anahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia! Lakini nani asingehangaika? Kompyuta zote za shule yake pale Mikelenge, mjini Kindu, zilikuwa zimegoma. Ukiwasha, kioo kinadai leseni, na leseni hizo aliziuza Florentin wa sokoni, ambaye kila mwaka alikuja kuziamsha na kila mwaka bei yake ilipanda. Safari hii karo nayo ingepanda, na karo ikipanda Hadidja alijua nani wangetolewa shuleni kwanza: mabinti. Mzee Bulaimu, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alikwisha sema kwamba Latifa wake atabaki nyumbani.

Mwalimu Nestor, aliyefundisha kompyuta, aliingia na flashi mkononi, kicheko hadi jino la mwisho, akamwita mkuu wake kwa jina la cheo.

"Mama Prefe, dawa njo hii. Mfumo mwingine, na programu za kuandika, za hesabu, zote. Hakuna leseni. Ni bure."

"Bure ya nani?"

"Ya watu wengi tu, wa inchi mbalimbali. Wanatengeneza, wanaachia kila muntu atumie."

"Na wao wanataka nini?"

"Hawataki kitu."

"Toka nayo," Hadidja akasema.

Nestor, kijana wa juzi, alidhani amemkosea adabu. Angejuaje? Wakati wa vita, reli ilipokatika na Kindu ikazingirwa, mji mzima ulikula mboga za chukuchuku, zisizo na chumvi. Siku moja askari wakapita nyumba kwa nyumba wakigawa chumvi bure. Mama yake Hadidja alipokea kwa mikono miwili, akawaombea na dua. Kesho yake wakarudi wale wale: "Mulikula chumvi yetu. Mutupe kijana." Wakamchukua Soudi, kaka yake Hadidja, na Soudi hajaonekana hadi leo. Tangu hapo, mitaani kwao, mtu akisema bure watu huangalia watoto wao wako wapi.

Alasiri wazazi walijaa darasani. Nestor alieleza tena, jasho likimtoka, na Hadidja alimwacha kwa sababu hakuwa na jibu lingine la kuwapa. Mzee Bulaimu akasimama.

"Mwalimu, sisi bure tunaijua. Ilitumalizia watoto. Heri tumulipe Florentin, sura yake tunaijua."

Wazazi wakaitikia. Hata Hadidja aliitikia moyoni, halafu moyo huohuo ukamsuta. Alisimama bila kuomba nafasi, akasema kwa hasira aliyoiweka miaka mingi.

"Bulaimu, ndugu yangu. Soudi hakuchukuliwa na chumvi. Alichukuliwa na watu waliorudi kudai. Sasa uniambie, hapa kwetu nani njo anarudi kila mwaka? Na mwaka huu anarudi kuchukua nani? Si Latifa wako?"

Bulaimu alikaa, akavua kofia, akaivaa tena.

"Lakini sahani ya jirani hairudi tupu," alisema mwishowe. "Nikila cha muntu bila kumurudishia kitu, sitalala."

Nestor alikaribia kuruka. "Iko kitu, mzee! Programu hizi, Kiswahili chake iko na mapengo. Mwenye kutaka anajaza maneno, anawatumia wale wenye kuzitengeneza. Hawalazimishi muntu."

Bulaimu alimtazama, akitafuta uongo usoni mwake.

"Kiswahili tuko nacho, tena cha kugawa," akasema. "Basi Latifa atajaza. Na asikie mapema: kesho asichelewe shule."

Asubuhi iliyofuata Nestor alifuta mfumo wa zamani, na kompyuta ya kwanza ikawaka bila kudai chochote. Wasichana wakasongamana, Latifa mbele yao, wakigombea kiti. Hadidja hakuweza kutazama. Alitoka hadi langoni, akaangalia barabara upande huu na upande ule. Zilipita baiskeli, akapita muuza maandazi. Akarudi darasani, akatoka tena. Hakuna aliyekuja kudai.

Kengele ilipolia, alikuwa bado amesimama langoni. Wasichana wakatoka wakisukumana na kucheka, wote walioingia, na Hadidja akalia mbele yao bila haya.