Hata Mimi Hujaniambia

Saa moja na robo asubuhi, mtu ambaye hakuwa mteja alileta kibandani simu iliyojaa chaji.

Mama Chaji aliibonyeza, kioo kikawaka. Ilikuwa imejaa kabisa. Akamnyooshea aichukue. Mtu yule, mwenye suruali iliyopigwa pasi na viatu visivyo na vumbi, hakuipokea. Alisema aichaji tu, ataipitia, akaondoka. Wateja wapya wote huuliza simu yao itatambuliwaje kati ya nyingine. Yeye hakuuliza.

Kibanda kilitazamana na lango la kiwanda cha nguo. Simu zilipigwa marufuku humo ndani tangu picha ya mtambo uliomkata mtu vidole iliposambaa mitandaoni. Kuanzia hapo wafanyakazi waliziacha kwa Mama Chaji kabla ya king'ora cha asubuhi na kuzichukua jioni. Mwanzoni alizichaji tu. Kisha mtoto wa mshonaji mmoja akaungua kwa uji, simu ya mama yake ikalia pale mezani nusu saa nzima bila kupokelewa, na jioni ile wakakubaliana: simu ikilia, Mama Chaji apokee.

"Yuko kazini, nimpe ujumbe gani?"

Aliyasema maneno hayo mchana kutwa kwa waume, wake, wakwe na wenye nyumba. Ujumbe mwingine ulikuja kwa maandishi, kwa hiyo wengi walimwachia pia namba za siri za kufungulia simu. Hakuziandika popote. Alikuwa nazo kichwani pamoja na mimba za watu, talaka za watu na magonjwa ya watu, na jioni alimpa kila mmoja la kwake kwa sauti ya chini. Kibanda kingine kilichofunguliwa ng'ambo ya barabara, chenye feni na viti, kilikosa watu, kikafungwa.

Asubuhi hiyo redio ilirudia mjadala wa bungeni. Serikali ilikuwa imepeleka muswada wa kuviruhusu vyombo vya usalama kusikiliza simu za raia bila kibali cha mahakama. Mbunge mmoja alisema asiye na kosa hana cha kuficha. Mwenzake akamuuliza kwa nini basi choo cha nyumbani kwake kina mlango. Ukumbi ukacheka, na watu waliopanga foleni kibandani wakacheka.

"Mimi wanisikilize tu," alisema mpakiaji mmoja. "Watamsikia mama mkwe anavyonitukana. Huenda wakamkamata."

Kiranja ndiye aliyecheka zaidi. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, mtu wa idara ya rangi ambaye kucha zake hazikutakata hata siku za sikukuu. Aliweka simu yake mezani na kusema, "Wifi yako akipiga, mwambie nimekula."

"Umekula?"

"Wewe mwambie tu."

King'ora kikalia, lango likafungwa. Haikupita muda, simu ya yule mgeni ikaita. Mama Chaji akaipokea kama anavyopokea zote, akasema mwenyewe hayupo, aache ujumbe.

"Ujumbe ni wako," ilisema sauti ya kijana, ya upole. Akamtaja kwa jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho, ambalo pale langoni hakuna aliyelijua. Alimwomba aje na simu hiyo saa sita mchana kwenye jengo la nyuma ya mahakama, ghorofa ya tatu, na akamshauri asihangaike kumuaga mtu.

Alikifunga kibanda kwa kufuli, akaenda. Jengo lilikuwa na kibao cha idara ya takwimu. Chumba alichoingizwa kilikuwa na meza, viti viwili, spika ndogo na dirisha. Kijana mwenyewe alivaa shati jeupe, mikono imekunjwa mara mbili sawasawa. Alisimama kumpisha akae. Alimuuliza kama lifti inafanya kazi leo, akasikitika kusikia kwamba haifanyi.

Kisha akabonyeza kompyuta, na Mama Chaji akajisikia mwenyewe. Yuko kazini, nimpe ujumbe gani? Siku nyingine, mtu mwingine, maneno yale yale. Na tena. Na tena. Katika mojawapo alikuwa na mafua.

"Kwenye simu za watu wa kamati ile," kijana alisema, "sauti inayosikika kuliko zote ni yako."

"Napokea za wote. Ndiyo kazi yangu."

"Tunajua, mama. Lakini tulichelewa kujua. Kuna mwenzetu hapa alikuwa ameshakuandika kuwa wewe ndiye kiongozi." Akatabasamu kidogo, kama mtu anayesimulia kosa la mdogo wake.

Alieleza shida yake bila kuzunguka. Kamati ilipanga mgomo. Kiranja hakuwa akiongea jambo la maana kwenye simu. Aliandika, na alichoandika kilikuwa kimefungwa kwa namna ambayo hawakuweza kukisoma kutoka mbali. Ilibidi simu yenyewe ishikwe. Kesho, Kiranja akishaiacha, atapita mtu wao. Mama Chaji atampa simu na namba ya siri. Itarudi mezani kabla ya king'ora cha jioni. Hakuna atakayejua.

Mama Chaji alisema watu wale wanamwachia vitu vyao kwa sababu wanamwamini. Kijana akakubali kwa kichwa. Akasema ameliona hilo, na ni jambo zuri.

"Hiyo sheria si bado?" Mama Chaji akauliza. "Redioni wamesema watapiga kura Alhamisi."

"Alhamisi ni Alhamisi. Leo ni Jumatatu."

"Na mahakama?"

Kijana aligeuka akatazama dirishani. Chini kulikuwa na paa la bati lenye kutu na uwanja wenye magari matatu.

"Ile pale," alisema. "Ukitaka kwenda, wako wazi mpaka saa tisa."

Alisubiri. Alipoona haondoki, akabonyeza tena. Safari hii sauti ya Mama Chaji ilikuwa ya chini, sauti ya mtu aliyejifunika khanga kichwani ili asisikike chumba cha pili. Wamempima mtoto damu, dada. Mimi na baba yake wote ni kundi O. Mtoto ni A. Daktari anasema O na O hawazai A, ananiuliza kama nina hakika na cheti cha damu cha baba yake. Kuku wa kwa dada yake wakasikika vizuri sana. Kisha dada mkubwa akasema: Sikiliza. Hilo usimwambie mtu. Hata mimi hujaniambia.

Kijana akazima.

"Hii haituhusu," alisema. "Ni mambo ya nyumbani kwa watu. Ipo tu, kwa sababu mashine haichagui." Akainuka, akamfungulia mlango, akamkumbusha ashuke polepole maana ngazi za ghorofa ya pili zinateleza.

Jumanne asubuhi Kiranja aliacha simu yake. Aliuliza habari za mtoto wa Mama Chaji, maana alisikia alilazwa, akaambiwa amepona. Alipoingia langoni, yule mtu wa viatu safi alikuja. Mama Chaji alimpa simu bila kumtazama. Namba ya siri aliitaja polepole, tarakimu moja moja, na mtu yule akairudia kwa sauti ili ahakikishe. Ilikuwa mwaka aliozaliwa binti mkubwa wa Kiranja.

Simu ilirudishwa mchana. Jioni Kiranja aliichukua, akaifuta kioo kwa shati, akaitia mfukoni.

Usiku huo dada mkubwa alipiga. Mama Chaji alimsimulia habari za mvua, na za bati la jikoni linalovuja. Dada yake akamuuliza mbona leo anaongea kama anayesoma gazeti. Akasema amechoka.

Alhamisi redio ilirusha bunge moja kwa moja. Waziri alisema muswada unaweka utaratibu kwa jambo ambalo, alisisitiza, halijawahi kufanyika nchini. Mbunge wa mlango wa choo alizimiwa kipaza sauti akiwa katikati ya sentensi. Spika aliuliza wanaoafiki, na sauti zilizojibu zilikuwa nyingi na za furaha. Wakati huo huo magari mawili yasiyo na namba yalikuwa yamesimama langoni. Kiranja alitolewa kati ya watu wawili akiwa bado amevaa glavu zake za mpira. Baada yake walitolewa wengine wanne. Hakuna aliyepigwa. Mmoja aliomba kurudi ndani kuchukua viatu, wakamkatalia.

Simu ya Kiranja ilianza kulia kabla magari hayajafika kona. Mama Chaji aliisoma: mke wake. Akaiacha ilie. Ikakatika, ikalia tena. Ya tatu akapokea.

"Wifi, nasikia kuna magari langoni, wamemchukua?" mwanamke aliuliza.

Mama Chaji alisema ndiyo. Mwanamke akauliza ni nani kawaambia, na akajijibu mwenyewe, kwamba watakuwa walinzi, maana walinzi ndio wanaojua nani hukutana na nani. Ijumaa watu wa kiwandani walikuwa na hakika hiyo hiyo. Mlinzi wa lango dogo, mzee mpole aliyekuwa na desturi ya kuwasalimia wote kwa majina, alipigwa njiani akielekea nyumbani, akavunjwa taya. Walikuja kumsimulia Mama Chaji wenyewe. Mmoja alisema, bahati nzuri wewe upo, maana simu zetu tusingejua tumwachie nani.

Mama Chaji alichomeka waya, akachomoa waya.

Kamati ilichagua watu wapya kimyakimya. Mahali pa Kiranja palichukuliwa na mshonaji wa cherehani za vifungo, msichana mwenye kithembe ambaye wenzake walimwita Mwalimu kwa sababu hakuacha kusahihisha watu. Wiki iliyofuata yule mtu wa viatu safi akarudi kibandani. Safari hii hakuja na simu. Alisema anaomba ya Mwalimu, na namba yake.

Simu ya Mwalimu ilikuwa kwenye droo, chini ya kitambaa, inachajiwa. Waya ulionekana ukiingia ndani.

"Leo hajaileta," Mama Chaji alisema.

Mtu yule aliutazama waya. Aliufuata kwa macho kutoka kwenye soketi, juu ya meza, mpaka pale droo ilipoachwa wazi upana wa kidole. Mama Chaji aliweka mkono wake juu ya droo. Hakuuficha mkono, wala hakuuondoa.

"Una hakika, mama?"

"Hajaileta."

"Sawa," mtu alisema. Hakukasirika. Aliuliza duka la maji liko wapi, akaelekezwa, akaenda.

Jioni Mama Chaji alimrudishia Mwalimu simu yake, akamwambia abadilishe namba ya siri, na asimwambie mtu namba mpya.

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Na simu usiilete tena hapa. Iache kwenu."

Mwalimu alimtazama kwa muda. Akaondoka haraka bila kuaga, simu ameishika kwa mikono miwili. Mbele kidogo aligeuka, akamtazama Mama Chaji tena kwa namna mpya, kama anayepiga hesabu kichwani.

Mama Chaji alifunga kibanda. Alipitia sokoni, akanunua nyanya. Njiani simu yake haikulia.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa halijazama, lakini taa ya sebuleni ilishawashwa. Mume wake, fundi rangi, alikuwa amerudi mapema kuliko siku zote. Hakuwa amenawa, chokaa ilikuwa bado kwenye nywele zake. Simu yake ilikuwa mezani, imelazwa kifudifudi. Mama Chaji alimsalimia. Alijibu.

Mama Chaji aliuliza kama kuna tatizo kazini. Akasema hapana. Aliuliza kama amepigiwa na mtu. Mume wake alimuuliza, mtu gani?

Hakuweza kumtaja, kwa hiyo akaingia jikoni, akaanza kukata kitunguu, akisikiliza kwa mgongo.

"Wewe," mume wake aliita. "Njoo hapa."

Alikuwa akimwita mtoto. Siku zote alimwita bosi. Mtoto alikuja mbio kutoka uani, miguu ina matope, akidhani ameletewa kitu. Mama Chaji alisogea hadi mlangoni na kisu mkononi. Mume wake alimnyanyua mtoto, akamkalisha juu ya meza chini ya taa, karibu na ile simu. Alimshika kidevu kwa vidole viwili. Akamgeuza uso upande wa kushoto, akalitazama sikio. Akamgeuza kulia. Mtoto, akidhani ni mchezo, alitoa ulimi. Baba hakucheka. Alimwambia atulie, akavuta taa kwa waya wake ikashuka karibu zaidi, akaendelea kumtazama.