Mwezi Usioombewa Kibali

Tulisikia buti za askari kwenye changarawe kabla hatujaziona kofia zao. Hakuna aliyekimbia. Watu walikuwa wamejaa mgongoni mwa kilima kama sikukuu ya Ekaristi, Waislamu kwa Wakristo, shingo zote zimeelekea juu.

Mwaka huo wa 1957 kila nilipoomba kibali cha mkutano nilinyimwa. Tangu tulipogoma kuchimba matuta tuliyolazimishwa na serikali, wakubwa waliogopa hata Waluguru wachache wakisimama pamoja mazishini. Mimi nilitaka jambo moja tu: watu wa milimani wakutane tena, waone kwa macho yao kwamba wao ni wengi. Nililitaka kwa hasira, na hasira ile haijapoa mpaka leo.

Ndipo Ahmadi, mchuuzi wa chumvi, alipopanda kutoka mjini na habari ya redio. Warusi wamerusha mwezi wao wenyewe, unaizunguka dunia, na jua likizama huonekana.

“Na huku kwetu utapita?”

“Huko juu hakuna mpaka, dada Magdalena.”

Nikamwuliza, “Ninyi mkienda kuutazama mwezi mwandamo, huwa mnaomba kibali kwa bwana shauri?”

Akacheka mpaka akatua kikapu. “Kibali cha mwezi? Tangu lini?”

“Basi waambie wenzako. Wa misheni niachie mimi.”

Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwenye magazeti yaliyofungia nyama buchani. Nilipenda hasa maneno yao ya shauku, yaliyopangwa kama ngazi. *Interested*: umegeuza shingo. *Keen*: miguu imeshaanza kwenda. *Fascinated*: umenaswa, hata ukiitwa kula husikii.

Sasa, pale kilimani, bwana shauri alisimama mbele yangu akihema, kijana wa Kiingereza, pua imebabuka kwa jua. Karani wake Dominiko, mtoto wa kwetu, alimtangulia kwa kejeli, akijua mimi ni mkulima wa kabichi.

“Mama Kabichi, mbingu zinakuhusu nini?”

“Zinanyeshea kabichi.”

Watu wakacheka. Bwana shauri hakucheka. Akauliza tumekusanyika kwa ruhusa ya nani, nami nikamjibu kwa lugha yake, “*Sir, we are fascinated.*”

Akasema maneno ambayo Dominiko aliyatafsiri kwa raha zake: mwezi huo usipoonekana, huu ni mkutano haramu, na mimi nitakwenda kulima shamba la wafungwa Kingolwira.

Jua lilikuwa limezama. Ukungu na milima yetu ni mtu na shuka lake, na jioni ile mlima ulikuwa umejifunika gubigubi. Anastasia, mama yangu mdogo, akaanza rozari kwa sauti ya chini. Nyuma yake Ahmadi naye alikuwa na dua yake. Mimi nilikunja ngumi tu.

Upepo ukauchana ukungu juu ya kilele cha Bondwa. Nuru ikatokea, ndogo, nyeupe, ikienda bila pupa kama mtu anayejua aendako.

Vigelegele vikapanda bonde hadi bonde. Bwana shauri alivua kofia, akaifuata ile nuru kwa macho mpaka ilipopotea, mdomo wazi.

“Haya, mmeuona,” Dominiko akasema. “Tawanyikeni.”

Nilimpita, nikamwuliza mkubwa wake kwa Kiswahili, kila mtu asikie. “Bwana, mwezi huu kesho utapita tena?”

Hakumngoja karani. Uso wake ulikuwa bado juu. “Kesho,” akasema. “Na kesho kutwa. Kila siku.”

Nikawageukia watu.

“Mmemsikia bwana shauri,” nikasema.